Mizani ya majani chai ilivyofichua gharama ya Ukimwi Kericho

KATIKA mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet, mchumaji halipwi kwa maneno bali kwa kilo. Kikapu kikijaa hupelekwa kwenye mizani, karani akasoma uzito na kuuandika mbele ya jina la mwenyewe. Mwisho wa mwezi kilo hizo hujumlishwa, na hapo ndipo hupatikana karo ya shule, unga na deni la duka.

Kwa miaka mingi madaftari hayo yalikuwa mali ya wahasibu tu. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja yangesomwa kama rekodi za hospitali.

Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Ukimwi ulikuwa ukiwaua Wakenya kwa maelfu na dawa za kupunguza makali ya virusi hazijawafikia wengi, kundi la watafiti liliyafungua madaftari ya shamba moja magharibi mwa nchi. Walichambua kumbukumbu za wachumaji 54 waliofariki au kustaafishwa kwa sababu za kiafya zilizohusiana na Ukimwi kati ya mwaka wa 1997 na 2002, kisha wakawalinganisha na wenzao waliokuwa wakichuma katika sehemu zilezile za shamba.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2004 yalionyesha ugonjwa ukimla mfanyakazi polepole, muda mrefu kabla ya kulazwa. Katika miezi 18 ya mwisho kazini, wagonjwa hao walichuma kati ya kilo nne na karibu kilo nane pungufu kwa siku wakilinganishwa na wenzao. Katika mwaka wa mwisho mapato yao yalikuwa yameshuka kwa asilimia 17.7. Walichukua siku nyingi zaidi za likizo ya ugonjwa, na walihamishiwa kazi nyepesi, ambazo malipo yake ni haba, kwa takriban siku 20 zaidi kwa mwaka.

Yaani familia ilianza kukosa pesa wakati uleule ilipohitaji pesa za matibabu. Hasara ya kampuni inaweza kuandikwa kwenye vitabu na kusahaulika. Ya nyumbani humaliza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha mtoto akaacha shule.

Huenda hata takwimu hizo hazionyeshi ukubwa kamili wa madhara. Ni jambo la kawaida katika mashamba ya chai mtu aliyedhoofika kusaidiwa na mke, mume au ndugu, na kilo za msaidizi zikaandikwa kwa jina la mgonjwa. Mizani haiulizi ni mikono ya nani iliyochuma.

Utafiti huo haukuwa wa pekee. Kufikia wakati huo Kericho ilikuwa tayari imeanza kugeuka kuwa mojawapo ya vituo vikuu vya utafiti wa Ukimwi Afrika Mashariki. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI), ikishirikiana na mradi wa utafiti wa jeshi la Marekani unaojulikana kama Walter Reed, ilijenga kituo cha utafiti mjini humo karibu na hospitali iliyokuwa ya wilaya, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya kaunti.

Kwa nini Kericho? Jibu lina uhusiano mkubwa na chai yenyewe. Utafiti wa kinga dhidi ya ugonjwa wowote huhitaji kundi la watu wanaoweza kupatikana tena baada ya miezi sita, baada ya mwaka, hata baada ya miaka mitatu. Mashambani kulikuwa na maelfu ya wafanyakazi waliokaa katika nyumba za kampuni, waliotibiwa katika zahanati na hospitali za kampuni, na ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha za mishahara. Isitoshe, wakazi hao walitoka jamii mbalimbali: Wakipsigis ambao ndio wenyeji, pamoja na Waluo, Wakisii, Waluhya na wengine waliovutwa na ajira.

Kati ya mwaka wa 2003 na 2006, watu wazima 2,801 wakazi wa shamba moja kubwa waliandikishwa na kufuatiliwa. Vipimo vya kwanza vilionyesha kwamba takriban asilimia 14 walikuwa na virusi. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa kama asilimia 19, na wanaume kama asilimia 11. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2007 ulikuta asilimia 7.1 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wakiwa na virusi, kwa hivyo hali mashambani ilikuwa mbaya kwa kiasi cha kutisha.

Pengo hilo kati ya wanawake na wanaume linastahili kutazamwa vizuri. Maumbile huchangia, kwa kuwa virusi hupita kwa urahisi zaidi kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanamke. Lakini maumbile hayaelezi kila kitu. Msimamizi wa shamba ndiye huamua nani apewe sehemu yenye majani mengi, nani apewe kazi nyepesi, nani arudishwe kazini msimu ujao. Mwaka wa 2023 uchunguzi wa Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, ulirekodi zaidi ya wanawake 70 waliosema wamedhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kenya. Kumhubiria mwanamke aliye katika hali hiyo kuhusu kondomu na uaminifu ni sawa na kumtwika mzigo wa mtu mwingine.

Kundi hilo la wakazi 2,801 lilitoa pia ushahidi kuhusu tohara. Wanaume karibu 1,400 walifuatiliwa kwa miaka miwili, na wanne kati ya kila watano walikuwa wametahiriwa, wengi wao kwa desturi za jamii zao. Maambukizi mapya kwa waliotahiriwa yalikuwa chini ya mtu mmoja kwa kila watu 100 kwa mwaka, na kwa wasiotahiriwa yalikaribia watu wawili na nusu. Ripoti ilichapishwa mwaka wa 2007.

Uchunguzi wa aina hii una udhaifu wake. Mtu aliyetahiriwa na asiyetahiriwa Kericho huenda wanatofautiana pia kwa jamii, dini na mienendo, na ni vigumu kuyatenganisha hayo yote. Uthibitisho ulikuwa umekwisha kupatikana Desemba 2006, wakati majaribio ya Kisumu na Rakai, Uganda, yaliposimamishwa mapema kwa sababu manufaa yalikuwa dhahiri. Jijini Kisumu vijana 2,784 walishiriki, na tohara ilipunguza maambukizi kwa asilimia 53. Mchango wa Kericho ulikuwa kuonyesha kwamba kinga hiyo ilionekana pia kwa watu waliotahiriwa nje ya majaribio, katika maisha yao ya kawaida. Ni kinga ya nusu, haimtoshi mtu peke yake, na haimkingi mwanamke moja kwa moja.

Kazi iliyolifanya jina la Kericho lijulikane zaidi katika maabara za dunia ilianza mwaka wa 2009, na haikuwahusu wachumaji pekee. Swali lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kulijibu: ni nini hasa hutokea mwilini katika siku za kwanza kabisa baada ya virusi kuingia?

Ugumu wake ni kwamba wakati mtu anapopimwa na kuambiwa ana virusi, siku hizo huwa zimekwisha kupita. Vipimo vya kawaida vya zahanati havitafuti virusi vyenyewe, bali hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza ili kupambana na virusi, na silaha hizo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Kwa hivyo ili kumkamata adui akiingia mlangoni, sharti uwe umekaa mlangoni kabla hajafika.

Ndivyo watafiti walivyofanya katika vituo vinne: Kericho, Kampala, Mbeya na nchini Thailand. Walitafuta watu wasio na virusi lakini walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa, wakiwapa ushauri na kondomu. Mara mbili kwa wiki kila mshiriki alidungwa kidole na kutoa damu kidogo, ambayo ilipimwa moja kwa moja kama ina chembechembe za urithi za virusi. Mara mbili kwa wiki, wiki baada ya wiki, kwa miezi. Si kazi ndogo kwa mtu anayehangaikia riziki.

Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016, watu 2,276 walikuwa wameandikishwa na 112 kati yao waliambukizwa wakati wa utafiti. Hamsini walinaswa mapema kabisa, kabla ya kingamwili kuonekana, na damu yao ndiyo iliyosimulia hadithi yote.

Virusi hupanda kwa kasi ya moto wa nyika. Kileleni, takriban siku ya 13 baada ya kuonekana kwa mara ya kwanza damuni, mililita moja ya damu ilikuwa na karibu nakala milioni tano za virusi. Kisha mwili huanza kujitetea, idadi ikashuka hadi kiwango cha chini takriban siku ya 31. Kufikia kama wiki ya sita virusi hutulia kwenye kiwango ambacho mgonjwa asiyetibiwa hukaa nacho kwa miaka, kwa kawaida nakala kama 20,000.

Jambo lililowashtua wengi ni jinsi mwili unavyonyamaza. Watu hudhani maambukizi mapya huja na homa kali na vipele. Washiriki wengi walikuwa na dalili moja au mbili tu zilizoonekana na daktari, na hizo zilitokea karibu na kilele cha virusi. Mtu aliye katika siku zake za hatari zaidi kwa wengine anaweza kuwa shambani akichuma kama kawaida, na akipimwa kwa kipimo cha kawaida siku hiyo aambiwe hana virusi. Hii ndiyo sababu wahudumu wa afya husisitiza kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa.

Upande wa matibabu, chai ilitoa ushahidi mwingine. Dawa zilipoanza kutolewa bila malipo Kericho kupitia mpango wa rais wa Marekani, PEPFAR, uliotangazwa mwaka wa 2003, watafiti walirudi kwenye mizani. Safari hii waliwatazama wachumaji walioanza kumeza dawa. Siku za kazi zilizokuwa zikipungua kila mwezi kabla ya matibabu ziligeuka na kupanda, na ripoti ya mwaka wa 2008 ilikadiria kwamba baada ya miezi kadhaa wafanyakazi hao walikuwa wakifanya kazi angalau mara mbili ya siku ambazo wangefanya bila dawa.

Ripoti ya baadaye, ya mwaka wa 2013, ililitia doa tumaini hilo. Wanaume walirejea karibu na viwango vya wenzao, ilhali wanawake walizidi kubaki nyuma hata wakiwa kwenye matibabu. Mizani haielezi kisa. Anayejua maisha ya mashambani ataanza na kuni, maji, watoto na wagonjwa wa nyumbani, kazi ambazo hakuna karani anayeziandika.

Wanawake walikuwa pia katikati ya utafiti mwingine ambao Kericho ilishiriki pamoja na vituo vya nchi kadhaa za Afrika. Katika miaka hiyo mama mjamzito mwenye virusi alipewa tembe moja ya nevirapini wakati wa uchungu ili kumkinga mtoto. Tembe hiyo ilikuwa ya bei nafuu na iliokoa watoto wengi. Lakini nevirapini hukaa mwilini kwa siku nyingi ikipungua polepole, na katika muda huo virusi hujifunza kuikwepa. Je, mama huyo akihitaji matibabu baadaye, dawa zenye nevirapini zingemfaa?

Wanawake 241 waliowahi kumeza tembe hiyo waligawanywa makundi mawili. Matokeo ya mwaka wa 2010 yalionyesha kwamba asilimia 26 ya waliopewa nevirapini tena walishindwa na matibabu au walifariki, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa dawa za aina nyingine. Yaani mama alikuwa akilipa kwa ajili ya mtoto bila kuambiwa bei. Tembe moja iliachwa hatua kwa hatua, na leo mama mwenye virusi hupewa matibabu kamili ya maisha.

Magonjwa nyemelezi, hasa kifua kikuu, yana makao mazuri katika nyumba ndogo za wafanyakazi wakati wa baridi ya nyanda za juu, milango ikiwa imefungwa. Kwa muda mrefu madaktari walisita kuanza dawa za virusi na za kifua kikuu kwa pamoja, wakihofia madhara. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa wagonjwa 809, uliotolewa mwaka wa 2011, ulionyesha kwamba kwa waliodhoofika sana, wenye seli za kinga za CD4 chini ya 50, kuanza dawa za virusi ndani ya wiki mbili kulipunguza vifo na magonjwa mapya kutoka asilimia 26.6 hadi 15.5. Leo hilo ni agizo la kawaida katika hospitali za Kericho, Longisa au Litein, sawa na kumpa mgonjwa dawa ya kuzuia kifua kikuu hata kabla hajaanza kukohoa.

Kuhusu chanjo, habari si nzuri, ingawa Kericho ilijitolea. Kuanzia mwaka wa 2006 wakazi wa huko, pamoja na wenzao wa Kampala na Mbeya, jumla yao 324, walidungwa chanjo ya majaribio ili kuchunguza usalama wake. Ilionekana salama na iliuamsha mwili. Hata hivyo, chanjo ya mpango huohuo ilipojaribiwa kwa maelfu nchini Marekani haikumkinga mtu, na jaribio hilo lilisimamishwa mwaka wa 2013. Chanjo nyingine kubwa zimefuata mkondo huo, zikiwemo mbili zilizokwama mwaka wa 2021 na 2023.

Wajitoleaji wa chanjo hubeba mzigo ambao ni nadra kutajwa. Kwa kuwa chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili, baadhi yao wakipimwa kwa kipimo cha kawaida huonekana kana kwamba wana virusi, ilhali hawana. Fikiria mtu huyo akipimwa kliniki ya wajawazito au akitaka kutoa damu. Ndiyo sababu vituo vya utafiti hulazimika kuwapima kwa njia ya kutafuta virusi vyenyewe, na kuwapa uthibitisho, miaka mingi baada ya sindano ya mwisho.

Swali la nani ajue hali ya nani limekuwa nyeti tangu mwanzo, kwa sababu mwajiri ndiye pia mwenye nyumba na mwenye hospitali. Sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi iliyopitishwa mwaka wa 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apewe au aendelee na kazi, na iliunda mahakama maalumu ya kusikiliza malalamiko hayo. Wachumaji wengi hawajui kwamba mahakama hiyo ipo.

Tangu Kenya ilipoanza kumpa dawa kila aliye na virusi, mwaka wa 2016, bila kungoja kinga ishuke, na vidonge vya kujikinga kwa wasio na virusi mwaka wa 2017, hatari imehamia mahali pengine. Sindano ya lenakapaviri, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka, iliwakinga wasichana na wanawake wote 2,134 walioitumia katika jaribio la Afrika Kusini na Uganda lililotangazwa mwaka wa 2024. Kwa mwanamke anayeogopa mume au msimamizi aone chupa ya vidonge, hilo si jambo dogo.

Lakini mashamba yenyewe yamebadilika. Mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya maelfu ya mikono, kiasi kwamba mwaka wa 2023 waandamanaji waliziteketeza baadhi. Mfanyakazi wa kibarua anayehama kila baada ya miezi michache hana nyumba ya kampuni wala jina kwenye orodha ya kudumu. Kumfuatilia ili apate dawa ni vigumu kuliko ilivyokuwa kumfuatilia mchumaji wa mwaka wa 2003. Kericho ilikwisha kuonja hali hiyo wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi walipotimuliwa mashambani na wengine kuondoka bila dawa wala kadi za kliniki.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na huduma za Ukimwi kote nchini zikatikiswa, zikiwemo za Bonde la Ufa Kusini ambazo kwa miongo miwili zilitegemea fedha hizo kulipa wahudumu. Mtu akiacha dawa, virusi hurejea damuni kwa kawaida ndani ya wiki chache.

Mwaka huohuo wizara ya Afya iliagiza kliniki za Ukimwi ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Wapo wagonjwa walioipokea hatua hiyo kwa furaha, kwa kuwa hakutakuwa na mlango mmoja unaojulikana na kila mtu kijijini. Wengine wanamkumbuka mhudumu aliyekuwa akiwapigia simu walipokosa siku ya kuchukua dawa, na wanauliza ni nani atakayewapigia sasa.